Umelipa Deni na Bado Simu Imefungwa? Hii Ndio Shida ya Data Kukwama Njiani, na Venye Inatatuliwa

Wacha nianze na siku moja mbaya sana kwa job.

Kuna wakati nilikuwa napokea simu za wateja kwa kampuni fulani inayouza simu kwa mkopo. Unajua hizi za lipa pole pole: unatoa doo kidogo ya kuanzia, unapewa simu, halafu kila siku unatuma kakitu kwa Paybill. Ukikosa kulipa, simu inajifunga ukiwa umeishika hivo.

Jumatatu hiyo nilifika saa mbili kasorobo. Kufika saa mbili na nusu, laini zote zilikuwa zinalia. Wa kwanza kunipata alikuwa mathe mmoja anauza mboga. Hakuniwakia. Alisema tu, "Kijana wangu, mimi nimelipa Jumamosi. Nimetoka soko sahii, simu imefungwa. Wateja wananiambia wametuma pesa na siwezi kuona kama imeingia. Hii nimeomba ya jirani."

Nikacheki. Kweli alikuwa amelipa. Kodi yake ya M-PESA ilikuwa hapo kwa data yetu, Jumamosi saa nane mchana. Lakini ile programu ya kufunga simu haikuwa na habari. Ijumaa jioni msee wa data alikuwa amepakua listi ya wanaodaiwa, akaiweka kwa faili. Jumatatu asubuhi mtu mwingine akaipakia vile ilivyokuwa. Kila mtu aliyelipa wikendi akafungiwa.

Mdosi akatuambia tuwaambie wateja "ni sistimu." Nilisema hivo siku nzima mpaka sauti ikaisha.

Hiyo wiki ndio nilianza kusoma hii stori ya kusawazisha data, usiku, kwa simu. Niliacha college kabla sijamaliza, na bado niliielewa, so wewe pia utaielewa. Kama una biashara, ama unatafuta kazi ambayo watu wachache mtaani wanaijua, kaa hapa.

Ghala la data ni nini?

Biashara yoyote ya kisasa inaacha alama kila mahali. Malipo yako kwa M-PESA. Mauzo yako kwa sistimu ya duka. Malalamishi yako kwa programu ya huduma kwa wateja. Ghala la data ni stoo moja kubwa ambapo hizo zote zinamwagwa pamoja ndio uweze kuuliza swali moja na upate jibu moja. Majina makubwa hapa ni BigQuery ya Google, Snowflake, na Amazon Redshift.

Kupeleka data kwa ghala kuna jina lake: ETL. Unatoa data huko ilipo, unaigeuza ikae vizuri, unaipakia. Kampuni nyingi zikifika hapo zinadhani kazi imeisha. Wanachora grafu, mdosi anafurahia, mkutano unaisha.

Shida ni kwamba watu wa kazi hawakai kwa ghala. Msee wa mauzo anakaa kwa HubSpot ama Salesforce. Msee wa huduma anakaa kwa programu ya simu. Anayetuma SMS ana akaunti yake ya SMS. Hao wote wanahitaji ukweli ulio kwa ghala, lakini hawawezi kuuona pale wanapofanyia kazi. So unahitaji gari iendayo upande ule mwingine, kutoka stoo kurudi dukani. Wataalamu wanaiita ETL ya rivasi, na ni rivasi kweli, kama ya mathree ikirudi stage.

Njia ziko tatu

Ya kwanza ni mkono. Unapakua faili, unaipakia kwingine. Ndio ilitumaliza sisi. Faili ikishatoka kwa ghala imeanza kuzeeka, na haina njia ya kukuambia imezeeka.

Ya pili ni kuandika skripti yako. Inauliza ghala, inachukua majibu, inayatuma kwa programu nyingine kupitia API, yaani ule mlango ambao programu moja hutumia kuongea na nyingine. Ni bure, lakini ikivunjika saa nane usiku ni wewe unaamshwa.

Ya tatu ni huduma zilizotengenezwa kwa kazi hii, kama Hightouch. Unaunganisha ghala upande mmoja, programu upande wa pili, unachagua nini kiende wapi na saa ngapi. Unalipa, lakini mambo mengi ya kuchosha wamekufanyia.

Njia yoyote ukichagua, maamuzi ni yale yale. Hapo ndio watu huchoma.

1. Anza na kazi, usianze na programu

Uliza: nani atafanya nini na hii data? Kwa mfano wetu, jibu ni "msee wa huduma aone salio la mteja akipiga simu" na "mteja anayedaiwa atumiwe SMS ya kumkumbusha." Hayo ni mambo mawili. Hayahitaji kolamu mia moja. Yanahitaji namba ya akaunti, simu, salio, tarehe ya malipo ya mwisho, hali ya akaunti, na kama mteja alikubali kutumiwa ujumbe.

Tengeneza jedwali moja kwa ghala lenye hizo tu, mstari mmoja kwa kila mteja. Si mstari mmoja kwa kila malipo. Ukichanganya hapo, mtu aliyelipa mara kumi atapata SMS kumi.

Na ukihesabu malipo, hesabu kwa kodi ya M-PESA. Ile ya herufi na namba kumi haijirudii. Ripoti moja ya malipo ikiingia kwa ghala mara mbili, na huwa inatokea, kodi ndio itakuonyesha ni kitu kimoja.

2. Chagua ufunguo wa kumtambua mtu

Hii ndio hatua kubwa kuliko zote. Programu ikipokea mstari mpya, itajuaje kama huyu ni mteja wa zamani ama mpya? Inaangalia ufunguo, yaani ile kitu moja ambayo ni ya mtu huyo peke yake.

Huku kwetu kila mtu anakimbilia namba ya simu. Sawa, lakini cheki. Namba moja inaeza kuandikwa 0712 na kuendelea, ama 254712, ama +254712. Kwa kompyuta hao ni watu watatu. Ukifungua hiyo faili kwa Excel, ile sufuri ya mbele inaeza kupotea, na sasa una mtu wa nne. Na usiandike skripti inayodhani kila namba inaanza na 07, kwa sababu namba za 01 zimejaa mtaani. Geuza zote ziwe fomati moja, 254 na tarakimu tisa, ukiwa bado kwa ghala.

Halafu kuna mambo ya maisha. Mtoto akiwa Mombasa anamlipia mamake aliye Kitui. Namba iliyolipa si ya mteja. Laini ikikaa bila kutumika muda mrefu, kampuni ya simu inaeza kuirudisha sokoni, na mtu mwingine kabisa anaanza kupokea SMS za deni lisilo lake. Kwa hivyo ufunguo mzuri ni namba ya akaunti uliyompa mteja mwenyewe. Simu iwe tu anwani ya kumpata.

Kuna mtego mwingine. Programu nyingi zimejengwa Marekani, kwa watu ambao kila mmoja ana barua pepe. HubSpot, kwa mfano, kwa kawaida hutumia barua pepe kujua kama mtu tayari yuko. Mama mboga hana haja ya barua pepe. Ukimwingiza bila hiyo, kila usawazishaji unaeza kumzaa upya. Dawa ni kutengeneza kolamu yako ya namba ya akaunti, uiambie programu thamani yake isijirudie, halafu uitumie kama ufunguo. Salesforce nayo inakubali ufunguo wa nje wa aina hiyo.

3. Amua nani ana neno la mwisho

Oanisha kolamu za ghala na za programu, moja moja. Kwa kila moja uliza: ukweli unatoka wapi? Salio linatoka kwa ghala, so mtu wa huduma asiweze kulibadilisha kwa mkono. Lakini maoni anayoandika baada ya kubonga na mteja ni yake. Ghala lisiyafute.

Usipoamua, kitatokea hiki: msee wa huduma anarekebisha jina la mteja asubuhi, usiku usawazishaji unarudisha lile la makosa, na kesho yake anarekebisha tena. Watu wameacha kazi kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

4. Fikiria mtu anayetoka kwa listi

Hapa hata wasee wa ma-digrii huanguka, so soma pole pole.

Tuseme umeandika swali la SQL linalosema "nipe wanaodaiwa." Leo linarudisha watu 500. Unawatuma kwa programu ya SMS, na programu inawawekea alama ya "anadaiwa." Kesho watu 80 wanalipa. Swali sasa linarudisha 420. Usawazishaji unawatuma hao 420, na kila kitu kinaonyesha kijani.

Lakini wale 80? Hawako tena kwa majibu. Hakuna aliyeiambia programu wamelipa. Kule bado wana ile alama, na kesho kutwa watapata SMS ya kuwatisha. Kukosekana kwa listi si ujumbe. Programu haiwezi kusikia kitu ambacho haikuambiwa.

Suluhisho ni mawili. Tuma wateja wote kila mara, kila mmoja na hali yake: "anadaiwa" ama "amelipa." Ama washa mpangilio wa kuondoa kule yeyote aliyetoka kwa majibu, kama huduma yako inao. Mimi napenda la kwanza, kwa sababu linaacha rekodi. La pili ukikosea unaeza kufuta wateja wote kwa usiku mmoja.

5. Ratiba, na ile masaa matatu

Watu hupenda kuseti usawazishaji kila dakika tano ndio waonekane wako fiti. Jiulize kwanza: malipo yanaingia kwa ghala kila baada ya muda gani? Kama yanaingia mara moja usiku, kusawazisha kila dakika tano ni kusambaza habari ya jana mara 288 kwa siku. Anza kwa kuharakisha kinachoingia, ndio uharakishe kinachotoka.

Halafu kuna saa. BigQuery, usipoiambia vingine, huhesabu siku kwa saa ya UTC. Sisi tuko mbele masaa matatu. Kwa hivyo siku mpya kwake inaanza saa tisa usiku yetu. Mtu akilipa saa saba usiku baada ya sherehe, ghala linasema amelipa jana. Kama tarehe ndio inaamua nani amechelewa, hiyo ni shida ya ukweli. Kwa SQL andika wazi kuwa unataka tarehe ya "Africa/Nairobi". Ni neno moja na linaokoa watu.

Ratiba ya SMS nayo iangalie kwa macho mawili. Ukiseti saa kumi na mbili asubuhi ya UTC, kwetu ni saa tatu asubuhi, poa. Ukiseti saa moja usiku ya UTC, unawaamsha watu saa nne usiku kuwadai. Utatukanwa, na utastahili.

6. Jaribu na watu watano, uweke breki

Usianze na wateja wote. Anza na namba tano za ofisini, yako ikiwa ya kwanza. Soma SMS kwa simu yako mwenyewe. Hapo ndio utagundua jina limeandikwa "NULL" na salio lina tarakimu sita baada ya nukta.

Pia utagundua bei. SMS ya kawaida hubeba herufi 160. Ukiweka emoji hata moja, fomati inabadilika na nafasi inashuka hadi 70 kwa ukurasa. Ujumbe uliokuwa ukurasa mmoja unakuwa mbili ama tatu, na unalipa kwa kila ukurasa. Ule moto uliouweka mwisho wa ujumbe unakula faida.

Halafu weka breki. Kama kwa kawaida hali za watu 50 hubadilika kwa siku, na leo usawazishaji unataka kubadilisha 5,000, usiendelee. Usimame na uulize binadamu. Pia hakikisha ukifeli unakutumia ujumbe. API nyingi zina kiwango cha maombi kwa dakika, na ukizidisha zinakurudishia kosa namba 429. Kama skripti yako haijui kungoja na kujaribu tena, nusu ya wateja watapita na nusu watabaki, na hakuna mtu atajua.

7. Kinachoumiza mtu kisitegemee usawazishaji peke yake

Hii ndio niliyoipata kutoka kwa yule mathe, na ndio ningetaka ubaki nayo.

Kusawazisha kunachelewa, hata kukiwa kuzuri. Kunaeza kuchelewa dakika kumi ama masaa mawili. Kwa SMS ya kukumbusha, ama kwa listi ya watu wa kupigiwa simu na mauzo, hakuna noma. Lakini kufunga simu, kukata stima, ama kumpeleka mtu kwa CRB ni kitu kingine. Kabla ya kubonyeza hapo, programu iulize sistimu ya malipo yenyewe, dakika ile ile: huyu amelipa? Ghala likuambie nani wa kuangaliwa. Lisikuambie nani wa kuadhibiwa.

Kama tungekuwa na swali hilo moja kabla ya kufunga, ile Jumatatu ingekuwa Jumatatu tu.

Na sheria iko

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mteja ana haki ya kujua data yake inatumiwa vipi, haki ya kurekebishiwa ikiwa na makosa, na haki ya kukataa matangazo. Faini inaeza kufika milioni 5 ama asilimia moja ya mauzo ya mwaka uliopita, ile iliyo ndogo. Na si maneno tu. Mwaka wa 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilipiga Casa Vera Lounge ya hapa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa yake. Kampuni moja ya mikopo ya simu ikapigwa 2,975,000 kwa kutumia namba za watu walizopata kwingine kuwatumia vitisho.

Kwa kazi yetu hii inamaanisha mambo matatu. Peleka kolamu zinazohitajika tu, maana kampuni ya SMS haihitaji namba ya kitambulisho ya mtu. Ile kolamu ya ruhusa isafiri pamoja na namba ya simu kila mahali, na mteja akisema "STOP" irudi hadi kwa ghala, la sivyo usawazishaji wa kesho utamrudisha. Na mtu akiomba data yake ifutwe, ujue programu zote ulizoitawanya. Kama huna hiyo listi, andika leo.

Unaanzia wapi?

BigQuery inakupa GB 10 za kuhifadhi na TB 1 ya maswali kila mwezi bila malipo, na kuna sehemu ya majaribio haitaki hata kadi ya benki. Kumbuka tu kwamba huko kwa majaribio majedwali hujifuta baada ya siku 60. Chukua rekodi za kibanda cha mtu unayemjua, kwa ruhusa yake. Ziweke huko. Andika swali moja la SQL linalotoa nani anadaiwa na nani amelipa, halafu usawazishe kwa Google Sheets anayoweza kuifungua kwa simu. Ukifanya hivo na ikakubali wiki mbili bila wewe kuigusa, tayari una kitu cha kuonyesha mtu kwa interview.

Yule mathe tulimfungulia simu saa tisa mchana. Alikuwa amepoteza mauzo ya siku nzima, na hakuna mtu kwa ofisi yetu alikuwa na kolamu ya kuandika hiyo hasara. Nilimwomba msamaha, nikamwambia ni sistimu. Lakini sistimu ilifanya venye iliambiwa Ijumaa. Ni sisi hatukuiambia kilichotokea Jumamosi.